Mbaazi Chini ya Mizani

Musembi alikufa Alhamisi alfajiri, siku tano baada ya kupasuka kichwa, na katika siku hizo zote hakutamka neno hata moja. Inspekta Ndeti alifika hospitali ya misheni, Mutomo, dakika kumi baadaye. Muuguzi alimtazama, akatikisa kichwa. Ndeti akairudisha notibuku mfukoni na kutoka nje, maana shahidi wake wa pekee alikuwa amekwisha kufunikwa shuka mpaka usoni.

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi ya saruji barazani. Mutindi alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama thelathini na mitano, na tangu Jumamosi hakuwa ameondoka hapo ila kwenda msalani.

"Pole sana, mama," Ndeti alisema.

"Asante."

"Nisamehe kukuuliza hii kitu leo." Akatoa bahasha ndogo na kumdondoshea punje moja kiganjani. "Unaijua?"

Mutindi alifuta macho kwa upindo wa leso, akaigeuza ile punje kwenye mwanga. "Ni mbaazi. Lakini hii si ya sokoni. Unaona hii jicho yake nyekundu? Hii ni ya mwaitu, mama yetu. Alikuja nayo kutoka Matiliku akiolewa huku, na pale Kyandula hakuna mwingine anapanda."

"Sasa iko kwa nani?"

"Alitugawia kabla afe. Mimi na kaka yangu Muthama. Yangu iko kwa kibuyu, juu ya dari."

"Bwana yako angeweza kuchukua kwa hicho kibuyu?"

"Angeweza. Si ni nyumba yake?"

Ndeti aliirudisha punje kwenye bahasha. Alikuwa amekuja na ushahidi mdogo, na sasa ulikuwa umekatwa nusu. Bado alikuwa na ombi moja, na lilimtia aibu kabla hajalitoa.

"Mama, nakuomba kitu kigumu. Usipige kamsa mpaka saa sita."

"Nisimlilie bwana yangu?"

"Kilio kikianza hapa, saa tatu kitakuwa kimefika Kyandula. Aliyemuumiza akisikia amekufa, atafunga mdomo. Na Abubakar yuko seli badala yake."

Mutindi aligeukia ukuta. "Abubakar ndiye alimleta hapa na pikapu yake," alisema. "Alimshusha amempakata kama mtoto. Damu yote ilimwagikia yeye." Kisha akajifunga leso kiunoni, akaikaza. "Saa sita, Inspekta. Isipite."

*

Pale kituoni Kyandula, mkuu wa kituo, Chifu Inspekta Kiilu, alikuwa anakunywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda faili nyembamba.

"Ameamka?"

"Amekufa."

Kiilu aliweka kikombe chini. "Basi ni mauaji sasa. Abubakar anaenda Kitui kesho asubuhi."

"Mauaji ni kitanzi, bwana mkubwa."

"Mimi sikuandika sheria, Ndeti. Sikiza. Ghala la ngozi ni lake. Mizani yenye damu ni yake. Kanzu yenye damu ni yake. Karata zilizopatikana zimegawiwa watu wawili, na mmoja wao sasa yuko mochari. Unataka nini tena, picha?"

"Nataka mtu wa tatu."

"Abubakar amekutajia mtu wa tatu?"

"Mbegu ndizo zimenitajia."

Kiilu alicheka kwa pua, lakini akamwashiria akae.

Ndeti alieleza polepole. Musembi na wenzake walicheza poka, kamari ya karata, kila Jumamosi mchana ndani ya ghala, na hawakuweka pesa mezani hata siku moja. Waliweka mbegu. Punje moja ilikuwa debe moja la maji ya kuchotwa kwenye mchanga wa mto na kupelekwa nyumbani kwa aliyeshinda. Mwaka ule wa sabini na tano, mvua ikiwa imekosa misimu miwili, debe la maji halikuwa kitu cha mchezo. Ili wasigombane, kila mmoja alikuja na mbegu ya aina yake. Mke wa Abubakar ndiye aliyeeleza hayo, kwa kuwa ndiye aliyeletewa maji.

"Musembi alicheza na ndengu," Ndeti alisema. "Abubakar alicheza na kokwa za tende, ishirini. Nimezikuta zote ishirini ndani ya kopo lake, na kopo limefungwa. Duru ya mwisho hakuwemo. Mbele ya Musembi kulikuwa na ndengu. Na chini ya mizani nikapata mbaazi moja."

"Moja tu."

"Moja iliyomponyoka. Zingine aliziokota."

"Nani anaokota mbaazi na mtu anavuja damu hapo kando?"

Ndeti alitazama nje ya dirisha. Mbuzi wawili walikuwa wanalamba ukuta wa choo. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. "Mtu anayengoja mvua," alisema. "Hapa kwetu nani anaacha mbegu chini mwezi wa Oktoba?"

Kiilu hakucheka tena, lakini hakubadilika. "Hakimu atakucheka yeye. Una mpaka jioni. Faili linatoka kesho."

Seli ilikuwa na mtu mmoja. Abubakar alikuwa mnunuzi wa ngozi. Babu yake alikuja kutoka pwani akifuata biashara, akaoa, akazikwa hapo hapo Kyandula. Alisimama alipomwona Ndeti, akajipangusa vumbi kwenye kanzu ambayo haikuwa tena na rangi.

"Bwana Abubakar, Musembi amefariki asubuhi."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Alikaa chini, mgongo ukutani, na machozi yakamtoka bila sauti. Ndeti alimwacha yamtoke.

"Ulimwacha na nani ulipotoka?"

"Nimekwisha kukwambia, Bwana Inspekta. Nilikwenda nyumbani kusali alasiri. Niliporudi nikamkuta chini, peke yake. Nikambeba."

"Nyuma yako alibaki mtu."

"Alibaki. Jina silitaji."

"Watakunyonga, ndugu yangu."

"Tuliapiana. Mimi nikijulikana nimecheza kamari, nitasemwa msikitini, mke wangu atanuna mwezi mzima, basi. Yeye atasimamishwa mbele ya kanisa zima. Watoto wake watacheza wapi?" Akageuza uso. "Na huenda naye alimwacha Musembi mzima. Sikuona. Mtu hashuhudii asiloliona."

Ndeti alimtazama yule mtu aliyemwokota mwenziwe na kufungwa kwa sababu hiyo. Kuna siku kazi hii ilimchukiza, na hii ilikuwa mojawapo.

*

Kutoka kituoni mpaka boma la Muthama ni maili nne za kokoto. Ndeti aliendesha Landrova mwenyewe, taratibu, kwa sababu hakuwa ameamua.

Muthama alikuwa shemasi. Alikuwa kaka ya Mutindi, kwa hiyo shemeji ya marehemu, na alikuwa na mbaazi yenye jicho jekundu. Hayo tu. Akiulizwa, angejibu kwamba ile punje ilitoka kwenye kibuyu cha dada yake, na hakuna hakimu ambaye angemshinda hapo. Kwa lugha ya poka, Ndeti hakuwa hata na jozi.

Poka alifundishwa Kiganjo, chuo cha polisi, alipokuwa kuruta, na sajini mzee aliyeitwa Ndululu. Ndululu alikuwa na neno lake. "Ukishika karata mbovu," alikuwa akisema, "usiziangalie mara ya pili, haziponi. Mwangalie mwenzako. Kama anaogopa kupoteza, mtishe. Kama hana cha kupoteza, tupa karata zako uende ukalale." Alikuwa na neno la pili pia: mtu akitupa karata kwa kutishwa, huna haki ya kuona alikuwa ameshika nini. Karata usiyoilipia hutaiona.

Kutupa karata ilikuwa rahisi. Angegeuza gari, faili lingeenda Kitui, na Abubakar angekufa na kiapo chake. Kutisha kulikuwa na njia moja tu: kusema kwamba Musembi ameamka na kumtaja. Lakini Muthama akijibu, "Twende basi aseme mbele yangu," mchezo ungeisha, na jina la Ndeti lingeisha nao.

Kilichomwamulia ni zile karata za sakafuni. Za Musembi zilikuwa zimefunuliwa wazi: mbili, nne, saba, tisa na kumi, za rangi mchanganyiko, takataka tupu. Za yule mwingine zililazwa kifudifudi, zimepangwa vizuri. Ndeti alipozifunua Jumamosi ile alikuta wafalme watatu, karata zenye nguvu. Mtu huyo alikuwa na wafalme watatu, akatishwa na takataka, akazitupa. Mtu wa namna hiyo, Ndeti aliwaza, hutupa tena akitishwa. Aliongeza mwendo.

Muthama alikuwa shambani. Alikuwa akipanda kwenye udongo mkavu, kama wafanyavyo wenye imani kubwa au wenye njaa kubwa, mfuko wa mbegu umening'inia shingoni. Alipoona gari la polisi hakukimbia. Alikuja akitembea haraka kupitia mitaro, na hakusalimu hata.

"Habari ya mgonjwa, Bwana Inspekta?"

Ndeti aliichukua hiyo kuwa hofu. Akaweka dau lake.

"Amefungua macho leo asubuhi. Ameongea."

Jembe lilianguka. Muthama alipiga magoti pale pale kwenye mtaro, akashika uso kwa mikono yenye udongo, na Ndeti akangoja uongo wa kwanza. Haukuja. Yule mtu alikuwa analia kwa furaha.

"Ngai wakwa! Mungu wangu, asante! Amefungua macho? Anaona? Anajua watu?"

"Anajua watu."

"Ametaka maji? Mtu akitaka maji anapona. Amekula?"

"Muthama." Sauti ya Ndeti ilitoka nzito kuliko alivyotaka. "Amesema mengi. Sasa nataka kusikia kwako. Lakini si lazima useme, umeelewa? Ukisema, nitaandika, na itasomwa kortini."

"Andika! Andika yote. Mimi nimebeba hii kitu siku tano, imenikula." Akakaa chini kwenye udongo, na Ndeti akakaa juu ya jiwe, notibuku magotini. "Abubakar alitoka kuomba. Tukabaki wawili. Nikapata wafalme watatu, Inspekta. Mimi maisha yangu yote sijawahi pata wafalme watatu. Nikaweka mbaazi zangu zote. Musembi akaongeza. Sina kitu tena. Nikaweka mzinga wa baba."

"Mzinga gani?"

"Ule pale." Kwenye mgunga mkubwa kando ya shamba ulining'inia mzinga wa nyuki wa zamani, wa gogo, umechongwa alama ya ukoo. "Baba aliuchonga na mkono yake. Ndiyo kitu aliniachia. Nikauweka. Halafu Musembi akasema, 'Naongeza fahali wangu.' Ananiangalia hivi, hacheki. Mimi nikasema huyu ako na kitu kubwa. Nikaogopa. Nikatupa."

"Na mzinga ukaenda."

"Ukaenda. Hiyo si neno, mchezo ni mchezo. Lakini akafunua karata. Tulikubaliana hakuna kufunua. Akafunua, akacheka, akasema, 'Shemeji, tangu utoto wewe ni wa kutishwa.' Nikamsukuma. Mara moja tu, na hii mikono miwili. Akaangukia chuma ya mizani."

Kalamu ya Ndeti ilisimama. "Halafu?"

Muthama alitazama mfuko wa mbegu kifuani mwake. "Halafu nikaziokota mbaazi," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui kwa nini. Mkono ilijifanyia. Punje kwa punje, na yeye analala hapo. Niliokota mbegu, Inspekta, na sikuokota mtu. Nikasikia kanisa ikinisema kichwani, nikatoka mbio." Akapangusa pua. "Lakini ameamka. Mungu ni mkubwa. Nitamwomba msamaha, na huyo Abubakar pia. Waniondoe ushemasi, sijali."

Ndeti alimsomea alichoandika. Muthama alitia sahihi, herufi kubwa za mtu wa darasa la nne, kisha akasimama kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ngoja nimchukulie asali. Iko ya ule mzinga wenyewe. Ni yake sasa, alishinda."

Hapo ndipo Ndeti alipopaswa kumwambia. Alijua. Alimtazama akinawa kwa kikombe kimoja cha maji, akivaa koti la Jumapili, akitoka na kibuyu cha asali ameziba kwa kitambaa safi. Alimtazama akimwambia mkewe, "Muthoki, shemeji ameamka!" na mke akipiga vigelegele pale mlangoni. Inspekta alikwenda kuwasha gari. Alikuwa ameshinda, na hakujua afanye nini na ushindi huo.

*

Njia nzima ya kwenda Mutomo Muthama aliongea. Alisimulia jinsi Musembi alivyokuja kuposa na mbuzi mmoja kilema, na wazee wakakaa mchana kutwa wakibishana kuhusu ule mguu. Alisimulia jinsi walivyochimba kisima pamoja. Alikipakata kibuyu kwa mikono miwili kila gari liliporuka. Mara tatu Ndeti alifungua mdomo, na mara tatu akabadilisha gia tu.

Aliegesha nje ya lango la hospitali. Saa yake ya mkono ilionyesha sita kasoro dakika moja.

"Muthama," alisema.

"Naam?"

Ndipo kilio kikapanda. Mutindi alikuwa amengoja mpaka saa ikatimia, kama alivyoahidi, na sasa akakitoa chote kwa mara moja, kilio cha tangu alfajiri. Watu waliokuwa wamelala kwenye nyasi waliinuka. Muthama alishtuka na kuganda.

"Hiyo ni sauti ya Mutindi. Shemeji amezidiwa?"

"Amekufa. Alfajiri."

"Baada ya kuongea na wewe?"

"Hakuongea. Hakufungua macho. Mimi nilikudanganya."

Muthama hakupiga kelele. Alikaa akitazama kioo cha mbele, na uso wake ukazeeka pole pole, tangu kidevuni mpaka machoni. Nzi aliingia akatua kwenye kitambaa cha kibuyu, na hakumfukuza.

"Mbona hukuniuliza tu?" alisema mwishowe.

Ndeti alichomoa ufunguo wa gari.

"Siku tano hakuna mtu aliniuliza. Jumapili nilisimama kanisani mara mbili niseme, nikakaa. Mtu akiniuliza ningesema. Ungeniambia amekufa, uniulize." Aligeuka. "Si ningesema?"

Ndeti hakujua. Huenda angesema, huenda angenyamaza na kumwacha Abubakar apande kitanzini. Karata hiyo ilikuwa kifudifudi na ingebaki hivyo. Statimenti yenye sahihi ilikuwa mfukoni mwake, Abubakar angelala kwake usiku huo, na haki ilikuwa imetendeka. Bado alijisikia mwizi.

"Shika hii," Muthama alisema, akimwekea kibuyu mapajani. "Mtu haingii kwa kilio na asali."

Akashuka. Ndeti hakumfunga pingu, wala hakumfuata. Alimwona akipita langoni na koti lake la Jumapili, watu wakimpisha. Mutindi alimwona naye. Alimtazama ndugu yake, akalitazama gari la polisi lililomleta, akatazama kiganja chake mwenyewe kitupu, ambapo asubuhi palikuwa na punje yenye jicho jekundu. Kilio kikakatika.

"Muthama," alisema. Barazani palikuwa kimya mpaka Ndeti akasikia kila neno. "Ni wewe?"

"Ni mimi," Muthama akajibu.

Ndani ya Landrova, Inspekta Ndeti alikipakata kibuyu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.